Nilipaka Rangi Nikalizunguka Kabati

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana hapa nilipo sina hata nguvu ya kuhesabu miaka, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika.

Mimi ni kinyozi, nina mke na watoto wawili, na kosa langu lilianzia mdomoni. Sebule yetu ilikuwa na rangi ya kijani iliyochoka, mke wangu akataka tuite fundi, mimi nikaona fundi wa nini wakati mikono ninayo, nikamwambia, "Mama watoto, nendeni mkamsalimie bibi yao, mkirudi jioni mtakuta nyumba mpya." Akacheka, akasema, "Haya, bwana fundi, tutaona." Kicheko kile ndicho kilichonitia kichaa.

Basi wakaondoka, nikafungua ndoo ya rangi ya maziwa, nikashika rola, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mpaka nikawa naimba, lakini ilipofika saa nane mchana nikalitazama kabati la vyombo, lile kubwa tulilopewa siku ya harusi, nikafikiria kutoa sahani zote na glasi zote kisha kulisukuma peke yangu, mgongo ukauma hata kabla sijaligusa, na unajua tena sisi vinyozi tumezoea kuzunguka masikio, mkono ukaenda wenyewe na brashi ndogo, nikalizunguka kabati juu na pembeni kwa ustadi ambao hata mimi niliushangaa, halafu nikaona kama nimeweza kabati, saa ya ukutani ni kitu gani, nikaizunguka nayo, na picha ya mama mkwe nikaizunguka pia, tena ile kwa heshima zote.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, mkono kifuani, akasema, "Jamani, kumbe nimeolewa na fundi!" Mshauri, siku ile nilijiona nimerefuka. Huu mwezi wa pili sasa ananisifu kwa majirani, na mimi nimekuwa mlinzi wa kabati. Kila akisema tulisogeze ukuta wa pili meza ipate nafasi, sikosi jibu: mara mgongo, mara miguu ya kabati imelegea, juzi nikasema limeshapazoea pale. Akaniuliza, "Limepazoea? Kabati?" akakimbilia jikoni mabega yakimtikisika, sijui kwa hasira. Bahati yangu, wiki iliyopita saa ilipoishiwa betri nilikuwa kazini, akaibadilisha mwenyewe bila kunisumbua.

Sasa limezuka jipya. Jana mama mkwe amepiga simu, amesikia sifa zangu kwa binti yake, anataka nikampakie rangi chumba chake, na Jumamosi anapita kwetu kwanza aione kazi. Nikikataa nimemdharau, nikikubali nimeumbuka. Na nikimwambia mke wangu ukweli, lile neno "fundi" sitalisikia tena, na kusema kweli nalipenda. Nifanyeje?

Mimi, Mlinzi wa Kabati

*

Mlinzi wa Kabati, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mambo haya nimekuzidi mbali.

Pole, mwanangu. Kutaka kusifiwa na mkeo si dhambi, wengine hata hawajisumbui. Lakini hebu niambie, mteja akikujia na kofia kichwani, unamnyoa ukiizunguka kofia? Basi ungejiuliza hivyo saa ile ya mchana. Ungelivuta kabati hatua mbili tu ukapita nyuma yake, kazi isingezidi nusu saa. Wewe umeokoa nusu saa ukanunua miezi miwili ya mgongo wa uongo. Ndiyo haraka gani hiyo?

Sasa sikiliza. Toeni vyombo, sogezeni kabati, shusha saa na picha. Futa ukuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache ukauke, palipo na magamba piga msasa. Tandika shuka kuukuu chini. Rangi iliyobaki ikoroge mpaka chini kabisa, si kuitikisa tikisa. Anza pembeni kwa brashi, kisha rola, toka juu kushuka. Na usizibe kiraka, nakuonya: rangi ya leo juu ya ile ya miezi miwili itaonekana tu. Paka ukuta mzima kona hadi kona, iache ikauke, urudie mara ya pili, maana kijani kina ubishi. Fungua madirisha. Ukianza asubuhi, jioni umemaliza, na mama mkwe mwambie utampakia kwa moyo mmoja.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Iliyobaki ni kinywa chako. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka umesahau kutazama. Hebu isome barua yako mwenyewe. Betri ya saa ya ukutani hukaa wapi? Nyuma. Mkeo aliishusha ile saa, baba. Aliliona duara la kijani limemkodolea macho, akabadilisha betri, akairudisha palepale, akanyamaza. Yale mabega ya jikoni hayakuwa ya hasira hata kidogo, alikuwa anakufa kwa kicheko. Na baada ya hayo yote ndipo akakusifu kwa mama yake.

Kwa hiyo jina unaloogopa kunyang'anywa umeachiwa na mtu anayejua kila kitu. Leo ukitoka kazini usianze na maelezo marefu. Simama kando ya kabati umwambie, "Mama watoto, njoo ushike upande ule." Amengoja wiki nzima umwite.