Baba Anavyochora Siku Hizi

Ghorofani,
Juu ya Duka la Fremu.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe, wifi na watoto? Kifua chako kimepona, au bado hujaachana na sigara? Huku tunasukuma siku, lakini nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Shangazi yuko nasi tangu mwezi uliopita. Anapika, anafoka, na brashi za Baba ameshazificha mara mbili, ati zinanuka tapentaini. Ana mdomo, lakini bila yeye ningeshaanguka.

Habari yenyewe ni macho ya Baba. Alikuwa akituficha. Unajua anavyochora bahari: mwanga kwanza, kisha maji, na mtu mwisho kabisa, miguso michache tu ya brashi. Ukisogea karibu huoni kitu, ukirudi nyuma unamwona mtu mzima amesimama. Picha za mwaka huu hazina mtu hata mmoja. Mwenye duka la fremu aliuliza kama Baba amegombana na binadamu, tukacheka.

Jumanne asubuhi alitaka nimsimamie ufukweni. Niliingia majini hadi magotini, mkono juu ya macho kukinga jua. Baridi ikanishinda. Nikatoka kimyakimya, nikasimama nyuma yake nikingoja kugombezwa. Baba akaendelea kupaka rangi, huku akiyaambia maji: "Usitikisike, mwanangu. Mkono juu kidogo. Hapo hapo."

Kaka, nilizunguka mbali asinisikie, nikarudi majini, ndipo nikaitikia, "Haya, Baba." Nilisimama pale nikilia mpaka alipofunga sanduku lake la rangi.

Nyumbani nikaitazama ile picha. Yule mtu si mimi. Ni marehemu Mama, na lile bega lake la kushoto lililoshuka. Shangazi alipoiona alikaa chini.

Daktari anasema hata huo mwanga anaouona sasa hautakaa. Baba hajakuita wala hatakuita, anasema una kazi zako. Mimi ndiye ninayekuita. Usingoje likizo ya watoto. Njoo usimame dirishani asubuhi, mwanga ukiwa nyuma yako. Uso wako hatauona, lakini kwa unavyosimama tu atajua ni wewe. Ukichelewa atabakiwa na sauti yako, na hiyo anayo kila siku kwenye simu.

Msalimie wifi, na watoto wote, hasa yule mkorofi. Shangazi naye anakusalimu, anasema ule vizuri. Mungu akufungulie njia mapema.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Kitindamimba