X Si Tatu, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo usiisubiri. Nilikuamkia miaka yote ulipokuwa hai, inatosha.

Nianze na zuri, watu wasije wakasema nina roho ya korosho, ingawa ninayo. Kule shambani Chilangala ulikuwa unanifundisha hesabu tukiwa na majembe mkononi. "Mimi nalipalilia hili kwa siku tatu, wewe kwa siku sita. Tukiwa wawili?" Nikachukua theluthi, nikaongeza sudusi, nikapata nusu. "Siku mbili, Baba." Ukacheka mpaka ukaegemea mpini. Siku ile nilikupenda sana.

Tena ni wewe uliyenifundisha kwamba x ikipatikana irudishwe kwenye swali, maana chini ya mstari pakiwa sifuri, jibu hilo linatupwa hata kama njia ilikuwa safi.

Ikaja enzi ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni Masasi, na nyie walimu mkagundua twisheni. Ukatundika ubao barazani kwetu Mkomaindo, nami wa kidato cha tatu nikakaa mkekani na wenzangu. Jumamosi moja ukaandika:

x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2

Ukazidisha, ukarahisisha, ukapiga mstari: x = 3. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ukiirudisha tatu, chini panakuwa sifuri. Hakuna jibu."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Hicho kicheko ndicho kilichokuuma.

"Anayemsahihisha baba yake amemaliza shule," ulisema. Nikadhani ni hasira ya siku moja. Jumatatu ukaifungia sare yangu sandukuni, ukanipeleka Chilangala kwa bibi. Mama alipokuuliza, ukamjibu kwamba shule nimeikataa mwenyewe. Lile shamba nililipalilia peke yangu, Baba. Siku sita, kama ulivyosema. Mwaka uliofuata nikalipalilia tena, na wenzangu wakamaliza kidato cha nne.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga vitu vyako, nikakuta daftari lako la twisheni. Hesabu ile imo. Tatu umeikata kwa wino mwekundu, na pembeni umeandika, "Hakuna jibu. Yuko sahihi." Tarehe uliyoweka ni ya Jumapili. Yaani ulijua, ukalala nalo, kesho yake ukanishika mkono kunipeleka shambani.

Jana ilikuwa arobaini yako. Wanafunzi wako wa zamani walijaa uani, wakaniomba mimi mtoto mkubwa niseme jambo jema la marehemu. Nikawasomea ukurasa huo kwa sauti, pamoja na tarehe, nikawaeleza Jumatatu ilikuwaje. Safari hii hakuna aliyecheka. Ubwabwa ulipoa kwenye masinia.

Shangazi anasema nimekuaibisha kaburini. Ni kweli, na nimelala vizuri.

Pumzika, kama unaweza.

Binti yako,
aliyekuwa sahihi