Simwoni: Jina Lililoandikwa Mara Mbili

S.L.P. 218,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zetu sote, na pole na kazi za ugenini. Kwanza niambie hali yako. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama darasani kutwa umepata nafuu? Na baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Mama alibanwa na mafua wiki mbili, lakini ameanza tena kugombania kamba ya nguo na jirani, kwa hiyo tunajua amepona. Babu yupo. Nitafika kwake, nivumilie kidogo, maana barua hii ni yake kuliko yangu.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeshaisoma mara nyingi hata mikunjo imeanza kulegea, na kila nikiisoma nashindwa kujua nianze kukushukuru kwa lipi.

Mimi na wewe tumejuana kwa karatasi tu, na ndugu yako dereva, Mungu amlinde barabarani, husimulia kwa kurukaruka. Basi acha nikueleze tangu mwanzo, ujue barua yako iliingia kwenye nyumba ya namna gani.

Kama nilivyokuambia, kazi yangu ni dirisha la dawa hapa hospitalini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nasoma cheti cha daktari, naita jina, natoa dawa, naeleza: hii kutwa mara tatu, hii baada ya kula. Nadhani majina yote ya mji huu yamepita mdomoni mwangu. La kwetu tu ndilo sikuwahi kuliita kwa mtu baki.

Utotoni lilinitesa jina hili. Mwalimu alikuwa akisoma daftari la mahudhurio, akifika kwangu anasema, "Simwoni," na darasa zima linamjibu, "Yupo hapa, mwalimu, vaa miwani." Miaka saba, mzaha ule ule, na kila asubuhi walicheka kama umezaliwa jana. Sijui kwenu kwenye mtaa wa mikate mliponaje.

Nyumbani tulikuwa na maelezo mawili. Shangazi alisema zamani kulikuwa na mtu wa ukoo wetu mwenye majivuno, akipita njiani hamwoni mtu. Baba alisema hapana, alikuwa kipofu. Babu mwenyewe akiulizwa alijibu neno moja tu: "Karani." Ukimchimba zaidi, anatafuta kofia yake na kutoka nje.

Sasa, mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, nilichukua cheti kilichokuwa juu ya rundo, nikaita, "Simwoni." Akasimama mwanamume mpana, mwenye kikohozi, ufunguo wa lori unaning'inia kidoleni.

Nikamuuliza, "Hili jina ni lako?"

"Langu, na la baba, na la babu. Kwani dawa zimekwisha?"

Nikamwonyesha kitambulisho changu kifuani. Alikisoma, akakisoma tena, akasogea mpaka paji la uso likagusa kioo. "Wewe umelipata wapi?" akaniuliza, kama vile nimemwibia. Watu wa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Nikamwambia akae pale kwenye benchi mpaka saa sita, na kweli alikaa, na shehena yake ikamngoja.

Aliniambia kwamba akina Simwoni wote anaowajua wanaishi mtaa mmoja, nyuma ya tanuri la mikate alilolijenga babu yake, isipokuwa wachache waliofuata kazi ya malori. Babu huyo aliokotwa kwenye mafuriko akiwa mdogo. Zaidi ya hapo hakujua. "Mwenye makaratasi ni dada yangu, mwalimu, yuko ng'ambo," akasema, akaniandikia anwani yako nyuma ya ganda la dawa yake ya kikohozi.

Nilipofika nyumbani, Babu alikuwa barazani akitengeneza mguu wa kiti. Alikuwa fundi seremala kiwandani kwa miaka arobaini na mikono yake haijakubali kustaafu. Nikampa habari nikitarajia acheke. Hakucheka.

"Huyo babu yake aliokotwa akiwa na umri gani?"

"Kama sita hivi, anasema."

Akaweka nyundo chini, polepole. Akaniambia nikae. Dada, nina miaka arobaini na mitatu, nimelelewa mikononi mwa mtu huyu, na siku ile ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kuwa na mdogo wake.

Yale ya mafuriko unayajua kwa upande wenu. Kwa upande wa Babu yalikuwa hivi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Maji yaliingia alfajiri. Baba yao alikuwa ameshachukuliwa, mama yao aliwasukuma juu ya paa kisha naye hakuonekana tena. Paa lilipovunjika, Babu alimshika mdogo wake mkono, wakawa wanaelea wakishikilia boriti. Halafu mkono ule ukatoka. Alisema tu, "Nilimwachia," akatazama ule mguu wa kiti.

Alitolewa majini upande wa pili wa mto, akapelekwa kwenye kambi ya mahema. Karani alikuwa na meza, na daftari, na mstari mrefu wa watoto. Akamuuliza jina, akajibu. Akamuuliza, "Na ndugu yako yuko wapi?" Babu akatazama huku na huku kwenye mstari, akajibu, "Simwoni." Karani hakuinua kichwa. Akaandika, akamwambia apite.

Siku ya tatu lori la watu wa mbao lilikuja kuchukua watoto wakubwa, na Babu akapakiwa. Baadaye kiwandani msimamizi alitaka kumsahihishia, aandike jina la baba yake. Babu akakataa. Nikamuuliza kwa nini, maana lingetuepusha na mengi shuleni. Akaniambia, "Lile ndilo neno la mwisho nililosema juu yake. Ningelifuta vipi?"

Aliuliza habari za mtoto yule kwa miaka mitatu, kwa kila dereva aliyeleta magogo. Kisha akaacha kuuliza. Ila hakuacha kujihukumu, na hilo sisi hatukulijua. Tulidhani ni mtu wa kimya tu.

Ndipo nikakuandikia ile barua ya kwanza, ambayo naona haya nikiikumbuka, jinsi nilivyokuuliza maswali kama polisi.

Wakati nikingoja jibu sikutulia. Nilianza kuwatafuta akina Simwoni wote walio hai, nikishinda na kalamu sikioni. Nilisoma orodha za wapiga kura zilizobandikwa ukutani, nikapigia simu shule, nikawasumbua wenzangu wa madirisha ya dawa kwenye hospitali nyingine. Nadhani ungependa kujua tumefika wapi. Tupo arobaini. Upande wetu ni ishirini na watatu: kumi na watano tuko mji huu, karibu wote katika mitaa miwili nyuma ya kiwanda, watano wako kule kwenye msitu mpya wa kampuni ya mbao, ambako karani mwingine aliwaandika "Simuoni" na wao wakaona uvivu kubishana, watatu wako mji mkuu. Upande wenu ni kumi na saba: kumi na watatu mtaani kwenu, watatu bandarini, na wewe peke yako ng'ambo ya bahari.

Kuna na wa arobaini na mmoja, kocha wa mpira wa shule fulani. Nilimpigia nikiwa na hamu kubwa, kumbe si wetu kabisa. Mwalimu wa darasa la kwanza alikosea mstari akamwandikia jina la mtoto wa jirani, na likamganda. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Akasema hana neno, na kwamba kama kuna harusi asisahaulike. Nimemweka kwenye orodha kwa penseli.

Basi Jumanne barua yako ikafika. Sikuifungua kazini, ingawa mikono iliwasha. Nilimsomea Babu barazani jua likiwa bado juu, Mama amekaa na bakuli la mchele anaouchambua, akachambua mchele ule ule tangu mwanzo wa barua.

Nilipofika pale uliposimulia habari za yule mama muuza mikate aliyemtoa mdogo wake Babu kwenye matope, Babu alinisimamisha nirudie. Nikarudia. Jinsi alivyombeba mgongoni siku ya tano, akavuka kwenda kambini kumtafutia ndugu zake, akakuta mahema yanakunjwa. Jinsi karani yule yule alivyomfungulia daftari, na mtoto alipotaja jina la kaka yake, wakalikuta pale, na mbele yake "Simwoni", na kwamba ameondoka na lori, hakuna ajuaye upande gani. Na yule mama akasema, "Basi na huyu mwandikie hivyo hivyo." Mume wake alitaka mtoto aitwe kwa jina lake yeye, mwenye nyumba. Na jibu ambalo mama yule alimpa mumewe: "Jina lako hakuna atakayelitafuta. Hili lina mtu wake."

Dada, hatuna hata picha ya mwanamke huyo. Hatujui alizikwa wapi. Lakini watu arobaini tunatembea na jina ambalo yeye aliliandikisha mara ya pili ili tusipoteane, na tumeonana kwa sababu yake, kwenye dirisha la dawa za kikohozi. Nimemshukuru kila siku tangu Jumanne. Mama naye, ambaye hapendi kushukuru watu asiowafahamu, amemshukuru.

Kisha nikafika ukurasa wa tatu. Nataka ujue ukurasa ule umefanya nini.

Uliandika kwamba babu yako, akiwa tanurini, alipenda kuwasimulia siku ile, na kila mara alimaliza kwa kujilaumu. Kwamba kaka yake alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi. Kwamba aliona mbwa wao mdogo amesimama juu ya mlango unaoelea, akataka kumfuata, kaka akakataa kumwachia. "Ndipo nikamng'ata," alikuwa akisema. "Yeye hakuniachia. Mimi nilimng'ata mpaka akalegea."

Niliposoma hayo Babu alinyoosha mkono wake wa kulia akautazama kama kitu alichoazimwa. Mama akaacha mchele.

"Aliniuma," akasema Babu. "Ndiyo. Aliniuma hapa, chini ya kidole gumba. Mimi miaka yote nilidhani ni msumari wa boriti."

Akalia, dada. Sikuwahi kumwona akilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu, naye hakuyafuta. Halafu, sijui nikuelezeje, akaanza kucheka huku bado analia. "Mtoto wa miaka sita," akasema, "ana meno kama ya panya buku." Akamwambia Mama ana njaa. Akala sahani mbili. Na kabla hajaenda kulala aliniuliza kama yule mbwa alipona. Kwenye barua hukusema. Ukijua, tafadhali tuandikie, maana anauliza kila siku.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Anaongea. Jana alimsimulia fundi wa redio, mtu aliyekuja kwa dakika tano, akaondoka baada ya saa mbili. Shangazi anasema tutakuja kujuta kumfungua. Lakini mimi namtazama na kufikiri kwamba alibeba kosa lisilo lake kwa miaka themanini, na babu yako naye alibeba sehemu yake, kila mmoja akidhani ni yeye aliyemwacha mwenzake. Wewe ungeweza kuniandikia tarehe na majina tu, kama nilivyouliza. Uliandika na hayo ya tanurini. Kwa hilo sina namna ya kukulipa, na wala sijaribu. Nakushukuru tu.

Umeomba radhi kwamba babu yako alifariki miaka sita iliyopita, kama vile mmetuchelewesha. Msijilaumu. Babu amesema alimzika moyoni mdogo wake akiwa na miaka sita, na sasa ameambiwa aliishi mpaka themanini, akaoka mikate, akazaa, akaona wajukuu. Anasema amepewa miaka sabini na minne ambayo hakuijua.

Mwezi ujao dereva atapita huku na lori likiwa tupu. Daktari wetu amekubali Babu asafiri, mradi wasimame kila baada ya saa mbili anyooshe miguu. Anataka kuliona tanuri, na kaburi. Amechonga kiti kidogo cha kukalia pale, maana hataki kusimama kama mgeni. Mimi nimeomba ruhusa kazini. Ungekuwa karibu ningekuambia uje. Kwa kuwa uko mbali, nitakuandikia yote niyaonayo, hata rangi ya milango.

Nisalimie shemeji na watoto, na yule mkubwa umwambie nimefurahi kusikia amefaulu hesabu, kwetu huku hesabu ilikataa kuingia ukoo. Ukiwaandikia nyumbani, wasalimie shangazi yako wa tanurini na mjomba wa bandarini. Mama anakusalimu, Baba pia, na Shangazi anauliza kama una miguu mikubwa kama sisi. Mungu akupe afya, akutunzie mgongo huo, na akulipe mema kwa ukurasa ule wa tatu.

Ni mimi, dada yako wa dirishani, nikupendaye kwa moyo wote.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Babu akanirudisha. Mwishoni mwa barua yako uliandika, "Mnisalimie mzee wetu." Amenifanya nimsomee mstari huo tena, na anataka niandike hivi kama alivyosema: "Mwambie huyo mtoto mimi si mzee wake. Akiandika tena, aandike Babu."