Wambeti Amepata Kazi

Ijumaa, mchana. Ukungu umekalia kijiji chetu cha Kanja, huku Embu, tangu asubuhi kama hauna kwao. Nguo nilizofua Jumatano bado zimening'inia sebuleni, na soksi za Cucu zinanidondokea kichwani nikiandika haya.

Nimechoka. Si ule uchovu unaolala ukaamka umeisha. Nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Kwa wale mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: nina kazi ambayo hakuna aliyeniajiri. Mimi ni mkalimani wa televisheni. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Cucu kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao, anajua Kiembu, na Kiswahili cha sokoni: bei, salamu, na matusi mawili matatu. Mwaka jana aliteleza kwenye shamba lake la kahawa akavunjika nyonga. Tangu hapo safari zake ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na jua likitoka, kutoka kwenye kiti hadi mlangoni. Mume wangu Njeru analinda maghala Mombasa na huja Desemba. Alimnunulia mamake televisheni ili asiwe mpweke. Mama akapata televisheni, mimi nikaacha kufundisha chekechea. Hakuna aliyeniambia niache. Hakuna aliyeuliza pia.

"Amesema nini?"

Hayo ndiyo maneno ninayoulizwa kila jioni, kuanzia taarifa ya saa moja mpaka Cucu asinzie. Jumatatu mheshimiwa fulani alitangaza ati barabara yetu itawekwa lami. Cucu akauliza amesema nini, nikamwambia. Akauliza lini. Nikamwambia hakusema lini. "Basi hajasema kitu," Cucu akasema, "niwekee kingine." Nikamwekea wachambuzi wanne wanaofokeana kwa pamoja. Haki, watu wanne wanaofokeana unawatafsiri vipi? Nikamwambia wanabishana. Akataka kujua nani anashinda. Nikasema mwenye koti la kijivu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na glasi ya maji, na tangu wakati huo Cucu ni mfuasi wake. Kisha akaja dada wa hali ya hewa, ambaye kila siku husimama mbele ya ramani na kiwiko chake juu ya Embu nzima. Mvua ya Kisumu naijua. Mvua ya Turkana naijua. Ya kwetu huwa naijua ikishanilowesha nguo.

Mchana, Cucu akilala, nasoma. Mama mmoja wa kanisani ameniazima kitabu cha kufundisha watu kuishi maisha yao wenyewe. Mwandishi anashauri kila asubuhi uketi kwenye chumba tulivu, peke yako, uulize moyo wako unataka nini. Nilijaribu Jumanne. Chumba tulivu pekee katika boma hili ni choo, na kabla moyo haujajibu, Cucu aliniita nimtafutie fimbo. Sura ya pili inasema utembee peke yako alfajiri bila kubeba chochote. Huyu mtu hajawahi kuishi Kanja. Huku mwanamke akionekana barabarani alfajiri bila ndoo wala jembe, kufikia saa mbili watu wameanza kuulizana ni nani aliyefariki.

Hata hivyo moyo wangu unachotaka nakijua, sikuhitaji kitabu.

Kendi ni Mmeru niliyesoma naye chuo cha ualimu. Amefungua duka la vitabu Makutano, pale Meru mjini, na anatafuta mtu wa kuliendesha. Alinipigia Jumapili. Kuna chumba nyuma ya duka, ningelala huko, nije nyumbani mara moja moja. Lakini nimjibu kabla ya Jumamosi jioni, maana mpwa wa mume wake ameshaanza kuinyemelea nafasi hiyo. Nikamwambia ngoja nifikirie. Wala sikufikiria kitu. Nilikaa tu jikoni nikatamani, nikatamani mpaka maziwa yakafurika jikoni kote.

Shida ni Cucu. Wasichana wa kumsaidia tumejaribu wawili. Wa kwanza alimfukuza kwa kusugua sufuria vibaya, wa pili kwa kucheka. Kuhamia mjini ndiyo usimtajie kabisa, alishaapa atatoka Kanja akiwa ndani ya sanduku. Nilipompigia Njeru, akasema, "Wewe amua tu." Hayo ni maneno ya mtu ambaye keshaamua hataki kuulizwa. Naandika hivi bila wasiwasi kwa sababu Njeru hasomi blogu hii. Njeru hasomi kitu.

Basi sikumwambia Cucu. Jumatatu ikapita. Na Jumanne nikafanya ujinga.

Saa mbili kuna tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti za Kiswahili. Matajiri wanagombania shamba, na wote wanalala wakiwa wamevaa viatu. Majina yao yanamshinda Cucu, kwa hiyo amewabatiza upya kwa Kiembu. Mzee mwenye shamba ni Mbogo. Mama mkwe mwenye lulu shingoni ni Ciarunji. Na mke wa mwana, ambaye kazi yake ni kulia na kubadilisha nguo, ni Wambeti. Jumanne Wambeti alikuwa amekasirika kwa sababu hakununuliwa mkufu wa almasi. Alipiga meza, akatupa glasi, woi, drama tupu. Siku hiyo nilikuwa nimemwosha Cucu, nimekamua ng'ombe, nimepeleka maziwa, nimechuma mboga kwenye matope, na huyu anatupa glasi.

"Amesema nini?"

"Amesema amepata kazi mji mwingine," nikajibu, "na anaogopa kumwambia mama mkwe wake."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka tu. Nilitaka kuyarudisha, lakini Cucu alishaketi wima kwenye kiti, jambo ambalo huwa halifanyi bila kusaidiwa. Akaniuliza kazi gani. Nikasema ya kuuza vitabu. Akatazama skrini kwa makini sana.

Jumatano ilibidi niendelee. Nani alinituma? Wambeti akiendesha gari, nasema ameenda kuiona ile kazi. Wambeti akilia hospitalini, nasema dhamiri inamsumbua. Daktari akimweleza habari za vipimo vya damu, mimi nasema ni rafiki yake anayemhimiza asipoteze nafasi. Nilikuwa natoka jasho na baridi yote hii. Kila nikifunua mdomo naongeza uongo, na kila uongo ulikuwa maisha yangu mwenyewe, neno kwa neno. Cucu akataka kujua mama mkwe anasemaje. Nikamwambia bado hajaambiwa. Akafyonza.

Nikalala nikijua nimejifungia mwenyewe, na bado Jumamosi inakuja.

Jana sasa. Mama Karimi, jirani yetu, televisheni yake imeungua, kwa hiyo alikuja kwetu na parachichi tatu na leso yake ya kujifunika miguu. Mama Karimi anasikia Kiswahili kuliko mimi. Mama Karimi hajakosa tamthilia hiyo hata siku moja tangu ianze. Nikajaribu kusema king'amuzi kina shida. Akasema hapana, mbona anasikia muziki wake.

Siku hiyo Wambeti alikuwa kwenye sherehe ya uchumba. Nilitafsiri vizuri, sauti ya chini, kama ninavyotafsiria wahubiri wageni kanisani. Ameomba mvinyo. Amesifu maua. Amecheza na shemeji. Cucu akavumilia kwa muda, kisha akauliza kwa sauti, "Na ile kazi? Amekwisha kumwambia mama mkwe?"

"Kazi gani?" Mama Karimi akageuka. "Huyu? Huyu hajawahi kufanya kazi tangu azaliwe. Hata chai humiminiwa!"

Na akaanza kumweleza Cucu hadithi yote kwa Kiembu kizuri kabisa, kuanzia mwanzo: mkufu, shamba, mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Mimi nikaanza kumenya parachichi. Nilimenya zote tatu, hakuna aliyeniomba. Nilingoja Cucu apige kelele. Sauti anayo, nyonga ndiyo iliyovunjika.

Cucu hakunitazama. Aliendelea kuangalia watu wakicheza.

"Kumbe," akasema. "Basi Mama Wanja hakusikia vizuri. Hii televisheni yetu ina sauti ndogo."

Wanja ni binti yangu, yuko shule ya bweni, na Cucu huniita kwa jina lake siku zote. Lakini jana alilitamka polepole.

Mama Karimi alipoondoka, Cucu akaniambia nizime. Nikazima. Tukamsikia ng'ombe akitafuna huko nje. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. Akasema alikuwa ameamka Jumapili nilipokuwa naongea kwenye simu, na hakuelewa mengi, lakini Makutano alilisikia, na kucheka kwangu alikusikia. Ati alikuwa hajanisikia nikicheka hivyo tangu aanguke. Jumanne, Wambeti alipopata kazi ya vitabu, akajua.

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza?" nikamwambia.

"Nilitaka nione huyo mama mkwe utamfanya mbaya kiasi gani." Akaivuta fimbo yake karibu. "Hukumfanya mbaya."

Halafu akaniambia anaogopa. Akasema hivyo hivyo, naogopa. Huyu ni mwanamke aliyezika mume na watoto wawili, aliyewahi kumfukuza mwizi wa kahawa kwa panga mpaka barabarani. Sijawahi kumsikia akitumia neno hilo hata kwa nyoka. Mchana si kitu, akasema, mchana mtu anaota jua. Ni jioni, giza likianza kuingia na hujui kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Akasema alinyamaza wiki nzima akiomba Mungu nikatae mwenyewe, ili asilazimike kunizuia.

Nilikasirika, sitasema uongo. Kisha hasira ikaniisha, na hapo ndipo nilipoona nimekwisha. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa hasira. Nilikuwa nimejitayarishia kila kitu: atakavyonifokea, nitakavyomjibu, mlango nitakavyoufunga. Sasa mtu amekaa mbele yangu ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananiambia anaogopa. Ningeenda vipi? Nikamwambia basi Cucu, yaishe, nitampigia Kendi nimwambie ampe huyo mpwa.

"Mpigie sasa hivi," akasema. "Na unipe mimi hiyo simu."

Nikapiga. Nikaweka sauti kubwa. Kendi akaanza kwa Kiswahili, Cucu akamjibu kwa Kiembu, Kendi akacheka, akahamia Kimeru, na wakaendelea hivyo, huyu chake na yule chake, na wakasikilizana bila shida yoyote. Mimi nilikaa pale mikono mapajani. Hakuna aliyenihitaji.

Cucu akauliza kama hicho chumba kina ngazi. Hakina. Choo kiko mbali? Kiko mlango wa pili. Akauliza kama mbele ya duka kuna mahali mtu anaweza kuweka kiti aone watu wakipita. Kendi akamwambia, shosho, Makutano hakuna kitu kingine ila watu wakipita, tangu asubuhi hadi usiku, utawachoka. Cucu akasema yeye hachoki na watu. Kisha akasema Mama Karimi atachukua ng'ombe, kahawa itachumwa na wale wale wanaoichuma siku zote, na kwamba tutakuja wiki ijayo kanisa likiisha.

Tutakuja.

Akanirudishia simu, akaniambia nimletee maji ya kunawa miguu. Nikaleta.

Nilimshukuru. Nilimaanisha. Halafu nikaingia jikoni, nikageukia ukuta, nikalia nimeziba mdomo kwa kanga ili asisikie. Tangu Jumapili nilikuwa nimekwisha kukipanga chumba kile kichwani: kitanda kimoja chini ya dirisha, kikombe kimoja, kitabu nimekiacha wazi mezani na hakuna wa kukigusa. Nilijua naweza kuzuiwa kukipata. Sikujua naweza kukipata hivi.

Asubuhi hii Mama Karimi amekuja kumtazama ng'ombe. Habari ameshazipata zote. Amenishika mkono akaniambia nina bahati, ati mama mkwe wa kukubali kuacha kahawa yake akufuate kazini hapatikani Embu nzima, na yeye wake hata mlango wa jikoni alikuwa anamfungia. Nikamwambia ni kweli. Na ni kweli. Nina bahati. Cucu amefanya kitu kikubwa, huenda ndicho kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya, na amekifanya kwa ajili yangu na kwa ajili ya woga wake, siwezi kusema kipi zaidi.

Nimekuja kuandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema kwamba mwanamke mwenye bahati yote hii alitaka kwenda peke yake.

Nitaenda. Duka nitaliendesha vizuri, najijua. Kesho nitampigia Kendi nimuulize kama chumba kile kitatosha vitanda viwili.