Chale kwenye Kisu Chako, Baba

Tunduma,
Jumatano asubuhi

Baba yangu, shikamoo.

Kabla ya yote itazame bahasha. Nimeifunga kwa gundi ya kuzibia matairi, maana madereva wa hapa siwaamini. Ukiikuta imefunguliwa, ujue kuna mtu amesoma aibu yangu kabla yako. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia.

Yule fundi mwenzangu niliyekuandikia habari zake, Mzee Sikazwe wa Chapwa, aliyekereza vyuma miaka mingi kwenye migodi ya Zambia, hayupo tena karakanani. Ni mimi niliyemtoa. Soma mpaka mwisho ndipo unilaumu.

Mwanzoni mwa kiangazi tajiri wetu alisema kazi zimepungua, kati yetu atabaki na fundi mmoja. Tangu siku hiyo nikawa namtazama Sikazwe kwa jicho la pembeni. Mashine zetu za kukereza ni sawa, chuma tunakata kile kile, ekseli za malori yaliyokwama mpakani. Lakini kisu changu cha mashine kinaisha makali kabla ya adhuhuri, nashinda kwenye jiwe la kunolea, na yeye anakata asubuhi hadi jioni, chake wala hakichoki. Nikamuuliza, Mzee, visu vyako ni vya chuma gani? Akacheka. "Awe, mune," yaani hapana, rafiki, kwa lugha ya kule migodini, "chuma ni kile kile. Ngoja nimalize, nitakuonyesha." Amalize nini? Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Wiki hiyo hiyo kikapotea kile kisu cha kukerezea ulichonipa siku naondoka Morogoro, chenye herufi J uliyoigonga mwenyewe. Sikazwe alipokwenda kula, nikafungua kopo lake la maziwa ya unga. Baba! Kisu chetu kilikuwa humo, na usoni, karibu kabisa na makali, kimechanjwa chale. Ndiyo, chale! Mistari myembamba imepangwa sawasawa, imepakwa dawa nyeusi yenye mafuta, kama mtoto aliyetoka kwa mganga. Wewe ulinifundisha uso wa kisu usuguliwe mpaka ujione sura, na kwamba mkwaruzo ni kazi ya fundi mvivu. Sasa mtu akichanja kisu cha mwenzake na kukipaka dawa, anataka nini kama si riziki yake?

Nilikipeleka kwa tajiri, nikasema mbele za watu, "Mchawi ni huyu." Tajiri anaogopa uchawi kuliko anavyoogopa forodha. Alimfukuza saa ile ile. Sikazwe alivaa koti lake, akaniuliza neno moja tu: "Mune, umejaribu kukata nacho?" Mimi nikatema mate.

Sikutaka hata kukigusa. Juzi ndipo visu vyangu vyote viliponiishia makali na lori la mahindi linasubiri, nikasema bismillahi, nikakifunga kwenye mashine. Lahaula! Nyuzi za chuma zikateleza juu yake na kuanguka zenyewe, hazing'ang'anii. Nilimaliza ekseli mbili na makali bado yapo. Nikaifuta ile dawa kwa kidole, nikainusa. Grisi! Na ule weusi ni unga wa kijiti cha ndani ya betri ya redio, kile kile tulichochorea ukuta wako utotoni ukatuchapa. Ndipo nikaelewa. Uso ukiwa laini kabisa, mafuta hayana pa kukaa, na chuma cha moto kinausugua mpaka kinaula. Kwenye ile mistari mafuta yanabaki. Alikuwa ananitengenezea, Baba. Hicho ndicho alichotaka kumaliza. Mbona alikichukua bila kuniambia? Hilo bado linanikera, lakini najua natafuta pa kujificha tu.

Nilimweleza tajiri. Akarudi nyuma hatua mbili. "Kumbe kisu chako nacho sasa hakiishi makali," akasema. "Amekuachia uchawi wake?" Tangu hapo ananitazama mikono. Na huko Chapwa, nasikia hakuna anayempelekea Sikazwe hata jembe la kunoa. Watu wanapita mbali na mlango wake. Neno langu limefika kwake kabla yangu.

Ijumaa baada ya swala naenda. Nitamwomba aje achanje kisu kingine hapa karakanani, mchana kweupe, kila mtu akiona, na grisi nitashika mimi. Tajiri akitufukuza sote wawili, basi. Ninachoogopa ni kwamba nitabisha hodi na mzee hatafungua.

Mama mpe shikamoo yangu. Nisalimie dada Mwanaidi wa vitumbua, na mjomba muadhini, ila yeye usimsomee barua hii.

Kisu chako ninacho mfukoni. Sijakisugua, Baba, na chale zake sitazifuta.

Ni mimi mwanao Jumanne, niliyemwita mwenzangu mchawi.