Aliyekuchagulia Mistari

Dada Atu,

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nimekwama pale pa kukuuliza hali. Leo sikuulizi. Naenda moja kwa moja kwenye swali, kama ulivyonizoea: kwa nini hukuniambia habari za Bi Somoe?

Usicheke. Najua unacheka.

Kwanza nikupe habari za huku. Shemeji amehamishiwa Tanga na watoto wamekwenda naye. Nyumba yenu ya Ufukoni amepewa karani mmoja mgeni wa bandarini, na mkewe ameung'oa mchicha wako wote kapanda maua. Nilipopita nikaona, nilikasirika mpaka nikasahau ninakokwenda. Sisi wa Likombe tu wazima. Sukari bado ni ya foleni, na darasa langu bado lina watoto wengi kuliko madawati. Kiti chako cha kanisani hakuna anayekikalia, wala si kwa heshima. Mguu wake umelegea, na ni wewe tu uliyejua kukikalia bila kuanguka.

Kazi yetu ya Jumamosi nimebaki nayo mimi. Wazee wa kanisa wamenipa Paulina wa kwaya awe mwenzangu. Ni dada mwema, ila akipiga hodi mbuzi wanakimbia.

Sasa swali langu. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusumbua ndani ya basi, njia nzima ya Madimba? Mimi ni mwalimu, somo la kesho naliandaa leo. Wewe ulikuwa unakwenda kusoma Neno nyumba kwa nyumba bila kunitajia hata mstari mmoja mpaka tumefika mlangoni. Nikikuuliza umejuaje nyumba hii inataka mstari gani, jibu lako lilikuwa moja: "Twende kwanza." Tukienda, unasoma, na mtu analia. Yule mama aliyekosana na ndugu zake kwa ajili ya shamba ulimsomea Yusufu na kaka zake, na kabla hatujaondoka akatufungia maboga. Yule kijana aliyefukuzwa kazi bandarini ulimsomea Eliya, pale alipolala chini ya mti akitaka kufa, na malaika akamletea chakula badala ya maneno. Kila mara ulikigusa kidonda chenyewe. Nawe hukuwa mwenyeji wa kule, ulikuwa Mnyakyusa wa watu kama mimi nilivyo Mgogo. Nilikuwa nikisema ni Roho tu. Hata leo nasema ni Roho, ila sasa najua alikuwa akipitia nyumba gani.

Kijiji chetu kile cha Jumamosi bado hakijakauka udongo, Dada. Watu walioletwa na malori ya operesheni ya vijiji bado wanajenga, na nyumba nyingi zina gunia mahali pa mlango. Ndiyo maana ulikuwa unanitania kwamba Mungu ametuita tupigie magunia hodi. Wengi wao ni Waislamu, na wametupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Wengine walipenda habari za manabii, wengine walikupenda wewe.

Na kila Jumamosi tukishuka basi ulinituma ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji kutoa taarifa kwamba tumefika, wewe ukaenda kumsalimia Bi Somoe, nyumba ya kwanza. Nikirudi nakukuta umesimama nje, unapangusa maganda ya korosho kwenye kanga. Kwake hukusoma hata siku moja. Niliwahi kukuuliza mbona mlango wa kwanza tunauruka. Ukasema, "Ule hatuuruki," ukatangulia. Nikadhani unamwogopa bibi wa watu.

Basi sikiliza yaliyonipata. Jumamosi ya kwanza bila wewe niliandaa somo kama mwalimu. Nikachagua Ibrahimu, pale anapoambiwa aondoke katika nchi yake aende nchi atakayoonyeshwa. Nikaona limefaa kabisa: watu waliohama wasomewe mtu aliyehama akabarikiwa. Nilijipongeza, Dada. Tukashuka basi, nikamtuma Paulina ofisini, nami nikampita Bi Somoe kwa kumpungia mkono, nikaenda kwa Mzee Bakari.

Unamjua Mzee Bakari, yule aliyetolewa kule bondeni karibu na Ruvuma, akaiacha mikorosho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia. Kisha akauliza, "Huyo Ibrahimu, lori lilimfuata saa ngapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Na mikorosho yake kaachiwa nani?"

Hapo nikaona macho yake, nikaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, wewe umetumwa." Akaliteremsha gunia.

Kufika alasiri mwenyekiti akaniita. Maneno yalikuwa yamekwishatembea kijiji kizima, na yeye yalimfikia kwa umbo jingine: eti tunapita tukisema hata manabii walizolewa na malori. "Mnaikejeli serikali," akaniambia, "na wewe unakula mshahara wake." Umeona mambo hayo? Mmoja anasema nimetumwa na serikali, mwingine anasema naitukana serikali, na mstari ni ule ule! Ungekuwapo ungecheka mpaka ukae chini. Mimi sikucheka. Alisema tusitie mguu katika nyumba yoyote mpaka atakapofikiri. Ndani ya basi nililia. Niliona kazi yako yote nimeiua kwa asubuhi moja, na wewe hata udongo wako haujashuka vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda peke yangu, bila nia ya kusoma. Nilitaka kumuaga Bi Somoe tu, kwa kuwa alikuwa mtu wako. Nikamkuta uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona juma lile ulinipita, mwanangu?"

Nikasema nilikuwa na haraka.

"Atu hakuwa na haraka."

Ndipo akanieleza. Alisema ulikuwa unamtandazia hadithi zako pale jamvini kama Mhindi anavyotandaza kanga dukani: hii ya nani, hii ya nani? Yeye akakwambia. Huyu kagombana na nduguze, huyu katolewa kazini, yule mtoto wake hajarudi kutoka ng'ambo ya mto, usimsomee habari za vita. Hajui kusoma, na kitabu chenyewe si chake, lakini watu wale wote anawajua tangu walipokuwa mashambani. Aliniambia hata ya Yunus. Kumbe uliwahi kutaka kumpelekea Mzee Bakari habari za Nabii Yunus aliyekasirika mmea wake wa kivuli uliponyauka, na Bi Somoe akakukataza. "Nilimwambia, Yunus hakuupanda ule mmea. Bakari mikorosho yake kaipanda kwa mkono wake." Anasema ulifunga kitabu, ukasema hewala.

Nikaona wivu, Dada Atu. Nasema kweli. Muda wote ule tumekaa kiti kimoja cha basi, na siri yako iko uani kwa mtu mwingine! Tangu siku hiyo nimejiuliza sana. Je, uliogopa wazee wa kanisa wasije wakajua kwamba mistari yetu inachaguliwa na mama anayeswali swala tano? Au uliogopa mimi ningeandika somo la kumsomesha yeye, nikauharibu urafiki wenu? Au ulikuwa unangoja niache kutumwa ofisini na nije mwenyewe nikae jamvini? Sijui. Ningetoa mengi nijue.

Nilimwambia Bi Somoe yaliyonipata kwa Mzee Bakari. Hakushangaa. Akaniuliza, "Unajua analilia nini yule?"

"Mikorosho."

"Mikorosho inaota. Mkewe yuko kule. Kamzika chini ya mikorosho hiyo, mwezi haujaisha malori yakaja. Kule wamekatazwa kurudi, na kuomba ruhusa anaona haya."

Nilikaa na neno hilo. Mikono yangu ilitaka kazi, nikachukua korosho nikabangua, nikaungua vidole. Na huku nafikiri: Ibrahimu yule yule, mbele kidogo katika Mwanzo, kazeeka, Sara kamfia ugenini, naye hana hata kipande cha ardhi cha kumzikia. Anawaendea wenye nchi, anainama mbele yao, anawaomba mahali pa kaburi. Wanataka kumpa bure, anakataa, analipa. Nikamsimulia Bi Somoe kwa kifupi, kama nilivyodhani wewe ulikuwa ukifanya.

Akaacha kubangua. "Aliomba?"

"Aliomba."

"Ibrahimu? Mtume mzima, akainama?"

"Akainama mbele ya watu wote."

"Hiyo mpelekee."

Nikamkumbusha kwamba mwenyekiti ametukataza. Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mimi kwa jirani yangu siendi kwa kibali." Tukaongozana. Nilijua nikikosea hapo mwenyekiti hatanisamehe tena, na mlango wa kijiji kile umefungwa kwangu na kwako pia.

Alipiga hodi yeye. Gunia likasogea kidogo, Mzee Bakari akaniona na Biblia yangu. "Huyo Ibrahimu tena?"

"Huyo huyo, baba," nikasema. "Lakini leo amefiwa."

Akaliinua gunia lote.

Nikasoma polepole. Sikufafanua kitu, Dada, na unajua inavyonigharimu kutofafanua. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale anapoinama. Nikarudia. Akasema, "Alaa," basi. Tukanywa maji, tukaaga.

Siku chache baadaye akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, akaomba ruhusa ya kwenda kupalilia kaburi la mkewe. Kumbe mwenyekiti naye mama yake kazikwa bonde lile lile. Amewaruhusu wote wenye makaburi kule waende kwa zamu. Na akamtuma Mzee Bakari aniambie Jumamosi zetu ziendelee, ila habari za malori nisizitie katika dini. Nikajibu kwamba mimi sikuzitia, zilikuwamo.

Nilifurahi mno. Jumamosi hii iliyopita nikafika na hadithi zangu tatu kichwani, nikampa Paulina kazi ya kwenda ofisini, nikaingia uani nikakaa jamvini na kuzitandaza: ya mwanamke aliyepoteza shilingi, ya mfalme aliyeota ndoto, ya Ayubu. Nikamuuliza Bi Somoe ipi ni ya nani.

Alikuwa hana korosho siku hiyo, mikono imelala mapajani.

"Leo sichagui," akasema. "Chagua wewe, na mlango ni huu."

Nikamwuliza kwa nini.

"Kwani mimi sikufiwa?"

Dada, nilihisi kama nimemwagiwa maji. Watu walijaa kwenu Ufukoni kumpa pole shemeji. Mimi nilipewa pole kanisani na shuleni, hata kondakta wa basi alinipa. Huyu aliyekuchagulia maneno muda wote, pole yake hakuna aliyempelekea. Nilikuwa nimekuja kwake kumuaga, kumlilia shida zangu, na kumpa kazi.

Nikampa pole. Kisha nikafungua Ayubu. Nikamsomea wale rafiki zake walivyosikia msiba wakaja kutoka mbali, wakamwona wasimtambue, wakalia, wakakaa naye chini ardhini wasimwambie neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa.

"Halafu wakasema nini?" akauliza.

"Halafu wakafungua midomo wakaharibu."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio. "Basi ishia hapo," akasema.

Nikafunga Biblia. Paulina alirudi kutoka ofisini, akatukuta, na mara ya kwanza maishani mwake akaingia mahali bila kelele. Tukakaa hivyo, watatu, mpaka jua likasogea juu ya jamvi. Nyumba nyingine hatukuifikia siku ile.

Pumzika, Dada Atu. Maswali yangu niwekee, nitakuja kuyauliza siku moja, na siku hiyo hutaniambia twende kwanza. Kwa sasa nakuahidi moja tu: Bi Somoe hatakulilia tena peke yake.

Mdogo wako,
Yudithi