Baba Mdogo Alitoka Nje ya Kikao

Ndandalo, Jumamosi. Joto limetuamsha kabla ya jua.

Jana majina ya awamu ya mwisho ya udahili wa vyuo yalitoka. Udaktari, vyuo vitatu, mwaka wa pili mfululizo.

Sikuchaguliwa.

Mama aliponikuta nalia jikoni hakunibembeleza. "Kesho baba yako mdogo anakuja kwenye mazishi ya mjomba wake kule Mwaya," alisema. "Safari hii utazungumza naye."

Baba mdogo Ambakisye, ndugu wa marehemu baba, ni daktari, na anafundisha katika chuo kimojawapo nilichoomba. Hapa kijijini wanaamini nimekosa kwa sababu sikumwomba. Mwaka jana niliwacheka. Nilisema alama zangu zitanisemea. Mwaka huu sina cha kujivunia.

Leo, tulipomaliza kuzika, nilimfuata kwenye migomba alikokwenda kunawa mikono. Nikapiga magoti.

"Baba, nisaidie. Nimekwama."

Aliniinua.

"Tumpe, jina lako nililiona," akasema. "Kikao cha udahili kilipolifikia, niliomba kutoka nje. Wangesema nambeba mtoto wa ndugu yangu. Niliporudi, walikuwa wameshalipita."

"Kwa hiyo nimekosa kwa sababu yako?"

"Sijui, mwanangu. Waliokuzidi alama walikuwa wengi. Huenda ungekosa tu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Maombi ya utabibu, ile stashahada ya miaka mitatu, bado yanapokelewa. Wapo madaktari ninaofanya nao kazi walioanzia huko."

Nikajibu, "Ndaga, baba." Ilikuwa shukrani ya mdomoni tu. Moyoni nilitaka kupiga kelele.

Njiani Mama aliuliza, "Amesemaje?"

"Nafasi zimejaa."

Nimemdanganya. Angejua ukweli, asingemsalimia tena shemeji yake maisha yake yote.

Najua baba mdogo alitenda haki. Ndiyo maana sina hata mtu wa kumlaumu. Jambo linalonitisha ni hili: kama angebaki ndani akasema neno moja, na mtoto wa mtu mwingine akaachwa ili mimi niingie, ningeshangilia. Nisingeuliza ni mtoto wa nani.

Mtu wa namna hiyo anataka kutibu watu?

Ninachojua ni kwamba mwaka mwingine wa kukaa nyumbani, kuanika kakao na kuulizwa kila Jumapili kanisani "vipi, umepata?", sitauweza.

Jioni hii, Mama akiwa kisimani, nimejaza maombi ya utabibu kwenye simu. Mara mbili nilifuta, ya tatu nikatuma.

Nimetuma huku nalia, lakini nimetuma.